Zumari Kwenye Spika Iliyochanika

Mama alinipa ulimi wa zumari ya baba nikiwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Aliufungua kutoka kwenye pindo la kanga yake, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole mwenyewe kama ninayepewa pipi nisiwaoneshe wenzangu.

"Uweke weye," alisema. "Kwangu ataupata. Ataniuliza, na mie akiniuliza siwezi kumdanganya."

"Na akiniuliza mie?"

"Weye hakuulizi. Anakuogopa, umesoma."

Ulimi ni kipande cha ukuti mkavu kilichokunjwa na kufungwa kwa uzi, kidogo kuliko kidole cha mwisho, na ndicho kinachoingia mdomoni mwa mpigaji. Bila huo, zumari ni mti uliotobolewa tu. Zumari yenyewe iliendelea kuning'inia kwenye msumari wake ukumbini na mama hakuigusa. Nadhani aliona kuiondoa ukutani ni kumwambia baba kitu ambacho hakuna aliyekuwa tayari kukisema. Lakini huenda hakufikiria hayo hata kidogo. Huenda aliona ulimi ni mwepesi kuuficha, basi. Mimi ndiye ninayefikiria vitu mpaka vinachakaa.

Siku chache kabla tulikuwa hospitali ya mjini. Daktari, kijana ambaye ningeweza kuwa nimesoma naye, alimwambia baba kwamba moyo wake umetanuka na hauna tena nguvu ya zamani. Asibebe mizigo, asipande mikarafuu, apunguze chumvi. Baba aliitikia kila moja kwa inshaallah ya adabu. Kisha ami, mdogo wake baba, ambaye alitusindikiza, akataja zumari. Daktari akauliza inapigwaje. Ami akamweleza: mpigaji anajaza mashavu, anavuta pumzi puani huku anaendelea kupuliza, sauti haikatiki mpaka ng'ombe wa mchezo achoke. Daktari aliweka kalamu chini.

"Hiyo basi, mzee. Hiyo itakuua."

Baba akaitikia inshaallah kama zile nyengine. Kwenye gari ya kurudi Kengeja vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya goti, vinafunga na kufungua matundu yasiyokuwepo. Nilivitazama njia nzima. Nilingoja kitu kinipande kooni, nikangoja, hakikuja. Gari iliyokuwa mbele yetu ilifungwa mikungu ya ndizi juu, ikawa inatikisika kila kwenye shimo, nami nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwa huko kutohisi kwangu. Nilijiuliza watu wengine wangekaaje. Nikaweka mkono shavuni, maana nilikumbuka ndivyo wanavyokaa watu waliopata habari mbaya. Kisha nikaogopa ami ataona ninaigiza, nikauondoa.

Ganzi hii ilianza niliporudi kutoka chuo, bara. Sikurudi na huzuni. Nilirudi na shahada, begi na simu yenye kioo kilichopasuka. Nikaomba kazi hapa na pale, nikaitwa kwenye usaili Unguja, wakaniambia watanipigia. Mwanzoni kila simu ikiita moyo ulikuwa unaruka. Baadaye ukaacha. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini hakuna kinachokujibu.

Zamani kilichokuwa kikiniamsha ni roki. Mwenzangu wa chumba chuoni, msichana wa Moshi, alikuwa na nyimbo hizo simu nzima, akanigawia. Nilizisikiliza kwenye foleni ya chakula na kabla ya mitihani, waya ukipita chini ya ushungi, na hakuna aliyejua kwamba yule Mpemba mkimya wa safu ya nyuma anapigiwa magitaa yanayokwaruza kama bati linalokokotwa juu ya saruji. Maneno mengi sikuyaelewa. Nilichokipenda ni ile sauti chafu, sauti ya kitu kinachosukumwa kupita uwezo wake.

Tulibishana sana. Mwenzangu alishikilia kwamba roki ni gitaa la umeme, besi, ngoma na mtu mwenye hasira. Ukiondoa kimoja si roki tena. Mimi, kwa kuwa siwezi kupenda kitu bila kukisomea, nilisoma kila nilichokipata mtandaoni. Nilisoma juu ya mwimbaji aliyependwa kwa gitaa lake la kawaida, na siku aliyopanda jukwaani na gitaa la umeme watu wakamzomea kama aliyewaibia. Juu ya yule aliyelipigia magoti gitaa lake, akalimwagia mafuta, akalitia moto. Juu ya mwengine aliyevunja lake kwa bahati mbaya kwa sababu dari lilikuwa chini. Watu walicheka, naye akalimalizia kwa hasira, na tokea hapo ikawa watu wanakuja ili waone chombo kinavunjwa. Hadithi niliyoipenda kuliko zote ni ya zamani zaidi. Wanamuziki fulani walikuwa njiani kwenda kurikodi, spika yao ikaanguka kutoka garini, ile karatasi yake ya ndani ikachanika. Hawakuwa na nyengine. Wakaishindilia magazeti, gitaa likatoka na mkwaruzo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na wapo wanaosema roki ilianzia pale, kwenye spika mbovu.

"Kwa hiyo roki ni ajali ya barabarani," alisema mwenzangu.

"Ni chombo kilichoumia kikaendelea kufanya kazi."

"Wewe utaolewa na nani, jamani."

Likizo moja nilimrikodi baba uani akijaribu ulimi mpya, asubuhi, nikamtumia mwenzangu rikodi hiyo. Nikaandika: Na hii je? Akauliza nani anapiga. Nikamjibu ni baba yangu. Umeme anao? Hana. Basi si roki, aliandika. Baadaye kidogo, nilipokuwa nimeshaiweka simu pembeni, ukaingia ujumbe mwengine: Lakini mwambie asiache.

Rikodi hiyo ndiyo ami aliyoikumbuka.

Sisi Kengeja tuna mchezo wa ng'ombe. Kiangazi, mavuno yakishaingia na kazi ya shamba imelegea, dume linaletwa uwanjani na kamba. Vijana wanalichokoza kwa shuka na kulikwepa, wanawake waliovaa kanga za sare wanaimba na kutia maneno. Halichinjwi, jioni linarudi kwa mwenyewe kula majani. Na kwa desturi ya kwetu dume halipewi kamba ndefu mpaka zumari ilie. Ngoma peke yake haitoshi. Wapigaji wamebaki wachache, na mmoja aliyekuwa akija kutoka Chokocho alikuwa ameshahamia Unguja kwa mwanawe. Kwa hiyo nyumbani kila mtu alijua: siku ya mchezo ikifika na zumari hakuna, baba atasimama apige. Hataombwa. Atasimama mwenyewe, kwa kuwa hawezi kukaa kwenye kiti huku watu wanamtazama wakingoja.

"Tupige rikodi," ami alisema, akanionesha kwa kidevu. "Bi mdogo anayo kwenye simu. Tunaiunga kwenye spika, kaka anakaa kivulini kama mgeni rasmi."

Mama alisema yeye haendi. Hawezi kumuona anainuka. "Weye ukae ubavuni mwake," aliniambia. "Na huo ulimi usiuache humu nyumbani."

Nilikuwa nimeshauhamisha ulimi kila mahali: kwenye kopo la mchele, ndani ya kamusi, chini ya godoro. Kila mahali nilipouweka niliona picha ya baba akiupata hapo hapo. Mwisho niliutia kwenye kiboksi cha hereni nikawa natembea nao mkobani.

Spika zilitoka Konde, kwa fundi anayekodisha vyombo kwenye harusi na maulidi. Zilifungwa juu ya gari ya abiria pamoja na magunia, na mahali fulani njiani kamba ikalegea, moja ikaanguka barabarani. Fundi alishuka amelikumbatia boksi lake kifuani. Alipolifungua mbele, ile karatasi nyeusi ya mviringo ilikuwa imechanika kutoka katikati mpaka ukingoni. Akaiunganisha kwa gundi, akashindilia kipande cha kanga kuukuu nyuma yake. Spika ya pili, nzima kwa nje, haikutoa hata mkoromo.

"Hii italia?" ami aliuliza.

"Kulia italia. Ila itakwaruza kidogo."

Nilisimama pale na mkoba wangu. Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa imetokea tena mbele yangu, na badala ya magazeti ni kanga. Nilingoja nifurahi. Niliipiga picha ile spika nimtumie mwenzangu wa Moshi, nikaandika sentensi, nikaifuta, nikaandika nyengine, nikaona zote zinasikika kama za mtu anayelazimisha kuchangamka. Nikaacha.

Baba alikuja amevaa kanzu na kofia yake ya vito iliyodariziwa, na zumari mkononi.

"Kaka, hiyo ya nini?" ami akauliza.

"Fimbo yangu. Mtu haji uwanjani mikono mitupu." Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akailaza mapajani. "Ulimi haina, usiwe na wasiwasi. Mmeshauficha. Nani kauficha sikuuliza." Akanitazama kidogo, akageuza macho.

Nikaunga waya kwenye simu. Nikapandisha sauti zote mpaka juu, zote, kwa sababu sikuwa na hakika ipi ni ya nini na niliogopa kuacha iliyo muhimu. Ami akaanza ngoma. Akanipa ishara, nikabonyeza.

Zumari ya baba ilitoka spikani ikikwaruza, na nyuma yake kuku wa kwetu na sauti ya mama akisema maji yamechemka. Jogoo akawika katikati. Wanawake wakaangua kicheko.

"Jogoo naye ashonewe sare!" bi mmoja alipiga kelele. Alikuwa mtu mzima, amekaa mbele kabisa ya wenziwe, miguu ameinyoosha.

"Ni mie huyo?" baba aliniuliza.

"Ni weye, baba."

Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Napiga haraka. Sijui nilikuwa na haraka gani."

Dume lilikuwa limesimama katikati ya uwanja linatafuna. Kijana alilipitishia shuka mbele ya pua, likalifuata shuka kwa macho, likaendelea kutafuna.

"Mwacheni, kashiba huyo!" bi yule alisema. "Mtandikieni jamvi alale!"

Hapo ndipo simu ilipoita.

Mlio wa simu yangu ulikuwa gitaa, mwanzo wa wimbo mmoja ambao niliuweka nikiwa chuo, nami nilikuwa nimesahau kwamba upo kwa sababu siku zote naacha simu itetemeke tu. Ulipita kwenye waya ukaingia kwenye spika iliyochanika, ukatoka uwanjani mzima mzima. Mimi nilikuwa nimeusikia wimbo ule masikioni mwangu tu, mdogo, wa siri. Sikuwahi kujua ukubwa wake. Dume liliinua kichwa. Likavuta kamba mara moja, aliyeishika akaenda chini kwa tumbo, na vijana wakatawanyika. Mmoja aliruka akatua katikati ya wanawake, wakampiga kwa makobazi. Mzee nyuma yangu alisema astaghfirullah, na gitaa likaendelea kulia.

Kioo kilikuwa kimeandika: Mama.

Nilichomoa waya kwa nguvu, simu ikaniponyoka ikaanguka kifudifudi. Nilipoiokota, kioo kilichokuwa kimepasuka siku nyingi kilikuwa cheusi chote. Nilibonyeza kila mahali. Rikodi ilikuwa humo ndani na hakuna njia ya kuifikia.

Wakakimbia wengine kusaidia kamba, dume likatulizwa, lakini sasa lilikuwa limeamka, linachimba chini kwa kwato. Watu nao walikuwa wameamka. Wanawake wakaanza kupiga makofi. "Zumari! Zumari!" Hawakumtazama baba wakisema hivyo. Hawakuhitaji kumtazama.

Baba akasimama.

Ami aliacha kupiga. "Kaka, kaa."

"Nimekaa sana." Akaninyooshea mkono bila kugeuka. "Nipe."

Nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Nilimfikiria daktari na kalamu yake. Nilifikiria vidole vya mama vikifunga vyangu. Nilifikiria hata wale watu wa magitaa niliowasoma miaka yote ile, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika kubishana kwetu kote: katika hadithi zangu kilichovunjwa kilikuwa chombo. Hapa chombo ni mti wa mpingo, kitabaki. Atakayevunjika ni mpigaji. Na hata nilipoyafikiria hayo sikuhisi kitu, niliyaona tu, wazi, kama maandishi ukutani.

"Kaa kwanza," nikasema. "Ukikaa nitakupa."

Yalikuwa maneno ya kipumbavu. Kupuliza ni kupuliza, umekaa au umesimama. Niliyasema kwa kuwa niliagizwa kumchunga asisimame, na hilo ndilo pekee nililoweza kulikamata kwa haraka. Baba alinigeukia. Alinitazama kwa muda, uso wake hauna hasira, kama anayejaribu kukumbuka nina umri gani. Kisha akakaa.

Ikabidi nitoe.

Aliuchukua ulimi kwenye kiboksi cha hereni, akautia mdomoni kuulainisha, akakaa nao hivyo huku amefumba macho. Ngoja ngoja ilikuwa ndefu, watu wakaanza kuguna. Nilingoja auchomeke kwenye zumari. Hakuuchomeka. Zumari aliiacha pale pale mapajani, akamwita fundi kwa kidole, akamwonesha maikrofoni iliyokuja na spika. Fundi akamletea. Baba aliishika karibu na midomo, ulimi peke yake ukiwa katikati ya meno, akatoa pumzi moja fupi.

Sijui nieleze vipi ule mlio. Ulimi bila zumari hutoa kelele nyembamba, kitu cha kuwachekesha watoto. Lakini umeme uliibeba kelele ile mpaka kwenye karatasi iliyochanika na kanga iliyoshindiliwa, na kilichotoka kilikuwa kipana na kichafu, kikapiga vifua vya watu. Nywele za mikono yangu zilisimama. Nilizitazama kama za mtu mwengine.

"Hilo si zumari!" bi yule akapiga kelele. "Hilo ni kunguru kabanwa na mlango!"

"Zimeni!" mzee wa nyuma yangu akasema. "Zimeni hiyo, mnatuharibia mchezo!" Wengine wakaanza kuzomea, kwanza upande wa wazee, kisha watoto wakadakia kwa kuwa kuzomea kunapendeza.

Baba alikuwa anatabasamu, ulimi umo mdomoni. Akapumzika. Akatoa mwengine, mfupi vile vile, akapumzika tena. Hakujaza mashavu. Pale alipokuwa anapumzika ami akaingiza ngoma, na baba alipokuwa tayari aliinua nyusi, ami akampisha. Ule wimbo mrefu usiokatika ulikuja vipande vipande, na katikati yake mashimo, na ngoma ikayaziba. Aliyeshika kamba akatazama huku na huku, hakuna aliyemwambia kitu, akailegeza. Dume likaondoka mbio.

Nimefikiria sana tangu siku ile kama alikuwa amepanga. Huenda alijua tokea asubuhi. Huenda alitaka kuuchomeka, akasikia pumzi zake mwenyewe, akabadili. Au aliona amenipa neno la kukaa na akaamua kulitimiza mpaka mwisho, kwa namna yake. Kila nikiegemea jibu moja naona lile jengine. Sijamuuliza.

Mchezo ule haukuwa mrefu. Baba alipoacha aliutoa ulimi mdomoni, akautikisa mate, akanirudishia mwenyewe kabla sijauomba. Ulikuwa umerowa na una joto. Shingo ya kanzu yake ilikuwa imelowa pia. Bi yule alipita mbele yetu akifunga kanga yake kiunoni, akasimama.

"Shikamoo, fundi wa makunguru," alimtania, ingawa mkubwa ni yeye.

Baba alikuwa bado anatafuta pumzi. Alimpungia mkono, anacheka bila sauti.

Simu ya ami ikaita, akaitazama, akanipa mimi.

"Kakaa?" mama aliuliza. Hata salamu hakutoa.

"Kakaa."

"Nimesikia mlio mpaka huku. Si zumari ule."

"Siyo."

"Basi ni nini?"

Nilimtazama baba. Mikono ilikuwa juu ya zumari mapajani, mdomo wazi kidogo, kifua kinapanda na kushuka chini ya kanzu. Alikuwa analitazama dume likitolewa uwanjani. Mwenzangu wa Moshi angeweza kumjibu mama, au angejaribu. Umeme sasa ulikuwepo.

"Sijui, mama," nikasema. "Lakini kapiga amekaa."

Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria.

"Mpe maji," alisema mwisho. "Yasiwe ya barafu. Na huo ulimi nirudishie."

Niliufunga kwenye pindo la ushungi ukiwa bado umerowa, nikaenda kumtafutia maji.